Maswali ya Wasomaji: Kiatu Kiufuate Mguu

Katika toleo lililopita tuliandika aya chache kuhusu viatu vya peku, yaani viatu vyenye soli nyembamba inayokunjika, visivyo na kisigino kilichoinuka, na vyenye pua pana inayoviacha vidole vikae kama vilivyoumbwa. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtu atachaguaje kiatu cha aina hiyo ambacho kitampa raha mchana kutwa na bado kitampendeza kazini, msikitini, kanisani au harusini? Nimechagua barua tano. Zile ambazo jibu lake linawagusa wengi nimezijibu kwa kirefu.

SWALI: Mimi ni muuguzi na husimama wodini kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Jioni nikivua viatu nakuta vidole vimebanana, na kidole kidogo kimeota sugu. Tangu nikiwa chuoni huvaa namba 39. Natamani kuagiza viatu vya peku kwa mtandao, lakini sitapata nafasi ya kuvijaribu kabla ya kulipa. Nitajuaje kama vitanitosha? (Muuguzi, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi na pole kwa miguu. Kabla hujaangalia picha ya kiatu chochote, tafuta karatasi mbili nyeupe, penseli na rula, kisha ungoje jioni. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichopimwa alfajiri kinaweza kukubana vizuri tu ifikapo saa kumi alasiri. Simama wima juu ya karatasi, uzito ukiwa umegawanyika kwenye miguu yote miwili, na umwombe mtu akuchoree akiwa ameisimamisha penseli wima bila kuilaza kuelekea ndani ya wayo. Ukijichorea mwenyewe utalazimika kuinama, na ukiinama uzito unahama na umbo la mguu linabadilika. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kwa sababu ni watu wachache ambao miguu yao inalingana, na hesabu zako zote zifuate ule mkubwa.

Ukishachora, pima urefu kuanzia nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kilicho mbele zaidi, ambacho kwa watu wengine si kidole gumba bali ni kile kinachokifuata, kisha upime upana mahali mchoro ulipotanuka zaidi. Andika vipimo kwa milimita. Kwenye urefu ongeza milimita 8 hadi 12, ambayo ndiyo nafasi ya vidole kusogea unapopiga hatua. Kampuni nyingi zinazotengeneza viatu hivi huweka jedwali la urefu wa ndani wa kila namba, na zile makini huonyesha upana pia. Linganisha karatasi yako na jedwali hilo, wala usiitegemee ile namba 39 uliyoizoea tangu chuoni, kwa maana namba hukueleza urefu peke yake, na tena 39 ya kiwanda kimoja si 39 ya kiwanda kingine. Kampuni isiyotaja upana popote, iandikie uulize. Isipojibu, nunua kwingine.

Kuna jaribio jingine unaloweza kulifanya leo hii kwa viatu ulivyo navyo. Chomoa soli ya ndani, ile inayotoka kwa mkono, iweke sakafuni na uikanyage kwa mguu mtupu. Mwaka jana nilimfanyia hivyo mdogo wangu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba viatu vya siku hizi ni vibaya. Kidole chake kidogo chote na nusu ya kile cha nne vilikuwa vimekaa nje ya soli, juu ya sakafu, na kidole gumba kilikuwa kimevuka ukingo wa upande wa pili. Alibaki ameinama akitazama bila kusema neno. Miguu yake ilikuwa ikilazimishwa kila siku kuingia kwenye umbo ambalo si lake, na ngozi ya kiatu kwa juu ndiyo iliyokuwa ikilificha jambo hilo. Sugu yako ya kidole kidogo nadhani ina asili hiyo hiyo.

Kwa hiyo nitakuambia ninachowaambia wote: upana kwanza, wembamba wa soli baadaye. Watu wakisikia viatu vya peku hukimbilia soli nyembamba kuliko zote, ya milimita 3 au 4, wakati raba za kawaida za kukimbilia mara nyingi hupita milimita 25 pale kisiginoni. Kushuka ghafla namna hiyo, kwa mtu anayesimama kutwa juu ya sakafu ya vigae au saruji, ni kujitafutia maumivu. Anza na kiatu kipana, kilicho sawa kutoka kisiginoni hadi vidoleni, chenye soli ya milimita 8 hadi 10 ukijumlisha na soli ya ndani. Baada ya miezi kadhaa, ukiona miguu imezoea, unaweza kuitoa soli ya ndani au kununua chembamba zaidi. Na pua pana isikufanye ukubali kiatu kinachopwaya kote: kisiginoni na katikati ya mguu kinapaswa kushika vizuri kwa kamba au ukanda, la sivyo mguu utateleza kwenda mbele na vidole vitajikunja kujishikilia.

Kwa kuwa unafanya kazi wodini, ambako sindano na vimiminika hudondoka, usichague kiatu cha kitambaa chenye vitundu hata kama ni chepesi na cha kupendeza. Tafuta cha ngozi, kilichofunikwa juu chote, kinachofutika, chenye soli isiyoteleza kwenye maji, na uhakikishe kinakubalika kwa kanuni za mavazi za hospitali yenu.

SWALI: Nafanya kazi benki na ni lazima nivae viatu vyeusi rasmi. Nimevaa viatu vya peku wikendi kwa mwaka mzima na sitaki tena kurudi kwenye vilivyochongoka, lakini wenzangu wanasema viatu hivi vinafanana na miguu ya bata. Je, kuna namna ya kupendeza? (Mfanyakazi wa benki, Nairobi)

JIBU: Ipo, ndugu yangu, na inaanza na kukubali kwamba macho yetu yamefundishwa. Kwa miaka mingi tumeonyeshwa kwamba kiatu cha heshima huishia kwenye ncha katikati, ingawa hakuna mguu wa binadamu unaoishia hivyo. Mguu huwa mpana zaidi kwa mbele, na kidole gumba huelekea mbele moja kwa moja. Hata hivyo hulazimiki kubishana na mwenzako yeyote ofisini. Kiatu cha peku kilichochaguliwa vizuri hakitambuliki upesi, na nitakueleza ninachokitazama mimi.

Cha kwanza ni rangi moja. Kiatu cheusi chenye soli nyeusi na ukingo mweusi huonekana kidogo kuliko kilivyo, ilhali soli nyeupe au ya kahawia isiyoiva huchora mstari unaouzunguka mguu mzima na kuutangaza upana wake. Pia epuka kiatu chenye mshono unaokatiza juu ya vidole, kwani mshono huo huigawa pua na kuifanya ionekane fupi na nene; ngozi iliyonyooka bila pambo hulifanya jicho lipite. Ngozi yenyewe iwe laini na nyembamba lakini iliyoiva, inayokubali rangi ya viatu na kung'aa, kwa sababu kiatu kilichotunzwa husamehewa umbo lake.

Suruali nayo ina sehemu kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kiatu rasmi cha kawaida kina kisigino cha sentimita 2 hadi 3. Ukikivua na kuvaa kiatu kilicho sawa, umeshuka kimo hicho hicho, na pindo la suruali litalala juu ya kiatu na kuburuta nyuma. Hapo ndipo mtu anapoonekana amevaa vibaya, halafu lawama inaangukia viatu. Mpelekee fundi cherehani suruali zako ukiwa umevaa viatu vipya, azipunguze papo hapo. Suruali inayoshuka wima huendana na pua pana. Ile inayobana kifundoni hufanya kiatu chochote kionekane kikubwa. Na soksi usizisahau: soksi ndogo inayobana hukusanya vidole pamoja hata ndani ya kiatu kipana, na nimeona watu waliotumia fedha nyingi kwa viatu wakaiacha soksi iwanyang'anye faida yake.

Kwa akina dada walioniandikia kuhusu jambo hili hili, viatu vya flati vinavyouzwa madukani mara nyingi havina kisigino lakini vina pua nyembamba, kwa hiyo vimetibu nusu ya tatizo. Tafuteni vyenye pua ya duara na ukanda unaopita juu ya mguu, maana ukanda huo huzuia mguu usiteleze na pia huupa mguu umbo jembamba machoni. Gauni refu la kitenge au baibui hukaa vizuri sana juu ya kiatu cha namna hii. Aliyezoea mchuchumio kwa miaka asihamie kwenye soli tambarare kwa siku moja: mashavu ya miguu na kano ya nyuma ya kisigino huwa yamezoea kufupika, na yanahitaji kushushwa taratibu, kisigino kifupi kwanza, kisha kifupi zaidi.

SWALI: Nina umri wa miaka 22 na nataka kuanza kukimbia asubuhi kwa viatu vya peku. Rafiki yangu anasema Wakenya wanashinda kwa sababu wamekua wakikimbia bila viatu, na muuzaji ameniambia viatu hivi vinazuia majeraha na kutibu mgongo. Ninunue? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Mdogo wangu, nunua ukipenda, lakini anza kwa kutembea navyo, na muuzaji wako usimsikilize katika hilo la kutibu. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, ambayo hutengeneza vile viatu vyenye vidole vitano kama glavu, ilikubali nchini Marekani kutenga dola milioni 3.75 ili kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba matangazo yake ya kuimarisha misuli na kupunguza majeraha hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Kampuni haikukiri kosa, ila ilikubali kuacha kutoa madai hayo pasipo ushahidi.

Ushahidi ulioongezeka baadaye unasema jambo la kiasi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha mwaka 2021 matokeo ya watu waliovaa viatu vya peku katika shughuli zao za kila siku kwa miezi 6, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 57.4. Zingatia kwamba hizo ni shughuli za kila siku, si mbio. Upande wa mbio kuna onyo: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakimbiaji wazoefu 36 walifuatiliwa kwa wiki 10, na kati ya 19 waliohamia kwenye viatu vya vidole vitano, 10 walionekana kwenye picha za kitabibu wakiwa na ongezeko la uvimbe ndani ya mifupa ya miguu. Hao walikuwa wazoefu. Mguu una mifupa 26, na mifupa huchukua muda mrefu kuliko misuli kujijenga upya; wewe utajisikia una nguvu kabla mifupa yako haijawa tayari.

Kuhusu Wakenya, rafiki yako ameshika ukweli nusu. Profesa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowahusisha pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa, wakaonyesha kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na hivyo hawaupati ule mshindo wa ghafla unaompata anayetua kwa kisigino. Lakini miaka mitatu baadaye watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamekua bila viatu, wakakuta kwamba kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu asilimia 72 walitua kwa kisigino. Hakuna namna moja ya kukimbia iliyo ya watu wote wa peku. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda maratoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na miaka minne baadaye alishinda tena mjini Tokyo akiwa amevaa viatu, kwa muda mfupi zaidi. Miguu ilikuwa ni ile ile.

Basi wiki ya kwanza vaa viatu vyako vipya nusu saa kwa siku, nyumbani na njiani kwenda dukani. Ongeza kidogo kila wiki. Ukifikia kuvivaa kutwa bila mashavu ya miguu kukuuma asubuhi inayofuata, na hilo laweza kuchukua miezi miwili au mitatu, hapo jaribu kukimbia dakika 5 mwishoni mwa mbio zako za kawaida. Misuli kuchoka ni jambo la kutarajiwa. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mguu, yanayokutonesha ukipabonyeza kwa kidole, si ya kuvumiliwa: acha kukimbia na umwone daktari.

SWALI: Baba yangu ana kisukari kwa miaka 15 na anaona viatu vyake vizito. Nimnunulie vya peku? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Usimnunulie kabla hajapimwa hisi za nyayo na daktari wake. Kisukari cha muda mrefu huweza kuleta ganzi miguuni, na faida kubwa ya soli nyembamba, yaani kuihisi ardhi, hugeuka hatari kwa mtu asiyehisi msumari au kokoto ya moto. Jeraha dogo la mgonjwa wa kisukari si dogo. Anachoweza kufaidi bila wasiwasi ni upana: kiatu chenye pua pana, kisicho na mshono wa kukwaruza ndani, chenye soli ya kutosha kumkinga, na wewe mwenyewe uwe unamkagua nyayo kila jioni.

SWALI: Nimestaafu ualimu na sina uwezo wa kuagiza viatu kutoka Ulaya. Sisi tumekua tukivaa katambuga na makubazi. Je, hivyo si viatu vya peku? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulisema mwanzo kabisa. Kiatu kimoja cha kampuni kama Vivobarefoot ya London, ambayo ilianzishwa na watu wa ukoo wa washona viatu wa Clarks, mara nyingi hupita pauni 100, na si haki kumwambia mtu kwamba bila hizo miguu yake haitapumua.

Katambuga, ambazo jirani zetu wa Kenya huziita akala, zina sifa mbili kati ya tatu: ziko sawa kutoka nyuma hadi mbele, na vidole viko wazi. Kinachozipungukia ni kukunjika, kwa sababu uso wa tairi ni mnene na mgumu, nao huufanya mguu utembee kama ubao. Ukimpata fundi, mwombe akate kwenye ubavu wa tairi, palipo pembamba zaidi, na aepuke tairi lenye nyuzi za chuma. Makubazi ya ngozi yako karibu zaidi na tunachokitafuta, maana soli yake ni nyembamba na hulainika kwa kuvaliwa. Kasoro yake ni kukosa ukanda wa nyuma, na ndala zina kasoro hiyo hiyo: kiatu kisichoshikwa kisiginoni hushikwa na vidole, ambavyo hujikunja kila hatua ili kisichomoke. Kwa kwenda bafuni au barazani hakuna neno, lakini kwa safari ya kilomita kadhaa ongeza ukanda.

Kama ungekuwa Nairobi ningekuelekeza soko la Kariokor, ambako mafundi hushona sandali za ngozi mbele ya mteja. Lakini pwani haikosi mafundi. Mpelekee fundi wako karatasi zile mbili zenye mchoro wa miguu yako, kama nilivyomweleza dada wa Morogoro, na umwambie asikate kwa kufuata kalibu aliyo nayo, bali afuate mchoro na kuongeza upana wa kidole cha mkono kwa mbele. Soli iwe ya ngozi ya milimita 4 hivi, na chini yake raba nyembamba isiyoteleza. Akikushonea kiatu cha kufunika, asiweke chuma katikati ya soli wala mto chini ya upinde wa mguu. Mitumba pia ina hazina yake, hasa raba za turubai zilizo tambarare, ila ichunguze soli kwa chini: iliyolika upande mmoja imeshachukua mwendo wa mwenyewe wa zamani na itaupinda wako.

Na viatu hivyo vikilika ukavirudisha kubadilishwa soli, kaa hapo hapo kibandani hadi amalize. Mafundi wetu wana huruma, na mkono wao umezoea kukipa kiatu kisigino. Nilimwacha mmoja na sandali zangu asubuhi, nikazikuta mchana zimeinuliwa sentimita 2 nyuma kwa raba iliyokatwa kwa ustadi mkubwa, naye akaniambia kwamba ameniongezea bila kunitoza.